Viboko Vinne, Kitabu cha Adhabu na Vijana wa Mwaloni: Mwalimu wa Nidhamu Anasimama Wapi?

SWALI: "Ninafundisha sekondari ya kata hapa Tanga mjini na muhula huu nimekabidhiwa nidhamu. Kidato cha Pili tuna wavulana kama saba wanaokesha mwaloni, pale ufukweni vyombo vya wavuvi vinaposhusha dagaa. Wanafika shule saa tatu, siku nyingine hawafiki, na wakifika wanasinzia au wanawajibu walimu vibaya. Mwenzangu alimchapa mmoja wao viboko saba mbele ya darasa, mkono ukavimba, mama yake akaja juu na kwenda polisi. Sasa mwenzangu ana barua ya kujieleza, na mkuu wa shule anasema hayo ni yake mwenyewe. Ofisini tumegawanyika. Wapo wanaosema sheria inaruhusu viboko, tuendelee. Wapo wanaosema tufundishe, tufunge daftari, tuondoke. Mtoto akiharibika shauri lake na mzazi wake. Nani yuko sahihi? Na sisi walimu nani anatulinda? Darasa lina wanafunzi 78."

JIBU: Mwalimu, pole kwa kazi, na mfikishie pole mwenzako. Ninavyolisoma swali lako, viboko ni sehemu tu ya kinachokusumbua. Unaogopa kubaki peke yako: ukichukua hatua utashtakiwa, usipochukua darasa litakushinda, na kote kuwili hakuna atakayesimama nawe. Hofu hiyo ina msingi. Ila kambi zote mbili za ofisini kwenu zimekosea, na tuanze hapo kwa sababu mwenzako ana barua ya kujibu.

Kusema "sheria inaruhusu viboko" ni kusoma mstari mmoja na kufunga kitabu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, ambazo ziliandikwa upya mwaka 2002, hazimpi kila mwalimu fimbo. Zinampa mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemteua kwa maandishi. Adhabu hiyo ni kwa kosa kubwa la nidhamu au kosa linaloifedhehesha shule, si kwa kuchelewa, kusinzia au kukosa hesabu tatu. Idadi haizidi vinne. Fimbo iwe nyepesi, ipigwe kiganjani au makalioni juu ya nguo, si mahali pengine popote. Anayechapa lazima apime umri, jinsia na afya ya mtoto. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina kabisa mwalimu wa kike. Kila mara adhabu inapotolewa huandikwa kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, na mkuu wa shule anasaini.

Weka tukio la mwenzako kando ya masharti hayo. Viboko saba. Kosa lenyewe, kwa maelezo yako, ni kuchelewa na kujibu vibaya. Sidhani kama ana barua ya uteuzi, na sidhani kama kitabu kiliandikwa. Kwa hiyo asijibu barua ile kwa kusema "kanuni zinaruhusu", kwa maana kanuni hizo hizo ndizo zitakazomfunga. Tena hata masharti yote yangetimizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili, na haikubali adhabu inayopita kiasi kwa umri na hali ya mwili na akili ya mtoto. Mkono uliovimba unaangukia hapo. Wapo wanaoacha fimbo na kuhamia kupigisha magoti juani, kurusha kichura au kubebesha mawe, wakidhani wametoka kwenye mtego. Kifungu hicho hakiangalii fimbo peke yake, kinaangalia mateso. Na usisahau Kagera mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki baada ya kuchapwa na mwalimu akafikishwa mahakamani kwa mauaji. Hakuna mwalimu anayeamka asubuhi akiwa na nia hiyo. Hasira ikishashika fimbo, hesabu ya viboko hupotea.

Hao wanaosema "tufundishe tuondoke" nao wameshika upande wa pili wa kosa lile lile. Mwalimu aliyemwona mtoto anakosa shule kwa wiki tatu na hakuandika popote, siku mtoto huyo akizama baharini au akikamatwa, ataulizwa alifanya nini. Kunyamaza hakukulindi. Kinachomlinda mwalimu ni hatua inayojulikana na kila mtu ofisini, iliyochukuliwa mapema na kuandikwa siku ile ile.

Sasa vijana wako. Kabla ya kuamua wafanywe nini, jua kwanza wanafanya nini, na hapa daftari la mahudhurio litakusaidia kuliko mahojiano. Chukua mahudhurio ya miezi miwili na kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Weka alama kwenye kila siku ambayo kila mmoja wa wale saba alichelewa au hakuja. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na uvuvi wenyewe hushamiri siku za giza. Siku za mbaamwezi taa haiwavuti vizuri na vyombo vingi hupumzika. Utoro ukijikusanya kwenye giza na kupungua kwenye mbaamwezi, huyo kijana ana kazi ya usiku. Akikosa bila mpangilio, au Jumatatu na Ijumaa tu, au siku za somo fulani tu, tafuta sababu nyingine: mwalimu anayemwogopa, bangi, ugonjwa nyumbani, au hajui kusoma vizuri na anakwepa kuaibika. Inawezekana kabisa saba hao wakawa makundi matatu tofauti, na ninyi mmekuwa mkiwapa dawa moja.

Kwa yule wa mwaloni, tazama fimbo inavyofanya kazi. Anapata pesa alfajiri ile ile, mkononi, akishabeba ndoo za dagaa. Adhabu inamkuta saa tatu, na ni pale tu anapoingia getini. Akili yake inapiga hesabu rahisi: nikienda nimechelewa nachapwa, nisipokwenda sichapwi. Hivyo fimbo iliyokusudiwa kuzuia kuchelewa inazaa utoro. Mkiongeza idadi, inaongezeka sababu ya kubaki ufukweni. Adhabu hubadilisha tabia pale inapokuwa ya hakika na ya karibu, hata ikiwa ndogo. Ukali peke yake humfundisha mtoto namna ya kutoonekana. Kumchapa mbele ya wenzake kunaongeza jambo jingine. Kijana wa miaka kumi na sita anayejiona mlezi wa nyumba hawezi kushuka hadhi mbele ya wasichana wa darasa lake. Atajibu vibaya ili abaki na uso.

Kuna sheria hapa ambayo walimu wengi hawaitumii, nayo ina nguvu kuliko fimbo. Sheria ya Mtoto inamruhusu aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyoharibu afya wala masomo yake. Lakini inakataza mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, kufanya kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na kwenda baharini imetajwa humo kwa jina kuwa ni kazi ya hatari kwa mtoto, pamoja na kubeba mizigo mizito. Kwa hiyo mwenye chombo anayempakia mwanafunzi wako anavunja sheria. Kosa la kijana ni dogo kuliko la mtu mzima aliyempa kazi, na nyinyi mmekuwa mkimwadhibu mdogo peke yake.

Kutokana na hapo njia inafunguka. Mwite mzazi, lakini usimtume mtoto nyumbani saa za masomo "akamlete mzazi", maana ataishia mwaloni kwa baraka zako. Piga simu, au mpitie mjumbe wa mtaa. Kikao kiwe cha watu wanne: mzazi, mwanafunzi, mwalimu wa darasa na wewe. Dakika ishirini au thelathini zinatosha. Anza na daftari la mahudhurio, siku na tarehe, bila neno "mtukutu". Muulize mzazi pesa ile inafanya kazi gani nyumbani. Ukisikia ndiyo inayonunua unga, usimhubirie. Tafuteni anachoweza kukipata mchana wa Jumamosi nchi kavu, na mkubaliane kwamba usiku wa kuamkia shule na kupanda chombo vimekwisha. Andikeni ahadi ya mistari minne, kila mmoja asaini, na mpange kukutana tena baada ya wiki mbili. Hizo wiki mbili ziguse siku za giza, la sivyo mtakuwa mnapima kijana wakati hana kishawishi.

Wakati huo huo mkuu wa shule aandike barua kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa Mtendaji wa Kata na Afisa Ustawi wa Jamii, akiomba uongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, kile tunachokiita BMU, wakumbushwe kutopakia wanafunzi. Barua isitaje majina ya watoto kwa watu wa mwaloni. Manahodha wengi ni wazazi wenyewe. Wakiambiwa kwa heshima na mamlaka ya kata mbele ya wenzao, wengi wao wataelewa. Mwalimu kwenda ufukweni peke yake alfajiri kukamata watoto ni hatari na haileti kitu.

Darasani nako kuna kazi. Najua kanuni inataka wanafunzi 40 au 45 na wewe una 78, kwa hiyo sitakupa ushauri wa darasa la watoto ishirini. Simama mlangoni wanapoingia, na ubaoni pawe na zoezi fupi la dakika tano linaloanza kabla hujaita majina. Fujo nyingi huzaliwa katika dakika zile ambazo mwalimu bado anafuta ubao. Wagawe katika makundi kumi ya watu saba au wanane, wakae hivyo muhula mzima, ili uwe unafuatilia makundi kumi badala ya vichwa 78. Anayechelewa aingie kimya, akae nafasi ya karibu na mlango, aanze kazi. Mazungumzo yake na wewe ni mapumziko ya saa nne. Akikujibu vibaya, usijibizane mbele ya hadhira. Sema kwa sauti ya chini, "Tutaongea saa nne, sasa fungua daftari," kisha ondoka pembeni yake. Ukibaki umemsimamia, umemlazimisha kuchagua kati ya wewe na wenzake. Na saa nne ikifika mkutane kweli. Ukisahau mara mbili, neno lako limekwisha thamani.

Kisha acheni ile orodha ya wapiga kelele. Kiranja akipewa kalamu na mamlaka ya kuandika watakaochapwa, anapata soko: kuna wanaomnunulia ashikrimu wasiandikwe, kuna wanaoandikwa kwa kisasi, na mwalimu anaadhibu kwa ushahidi asiouona. Watoto wanajua hivyo vizuri sana, na dharau yao kwa adhabu za shule huanzia hapo. Kiranja aandike mahudhurio na aseme kazi imefika wapi. Basi.

Adhabu ibaki, maana darasa lisilo na matokeo ya kosa ni mateso kwa wale sabini wanaotaka kusoma. Iendane tu na kosa. Aliyepoteza vipindi viwili ananakili maelezo na kufanya zoezi lake wakati wa mapumziko kwa siku mbili. Aliyeharibu dawati anasaidia kulitengeneza. Kumwagilia miti dakika thelathini baada ya masomo ni sawa, ila si wakati wa kipindi, kwa sababu hapo unamzawadia asiyependa kusoma, na si hadi jioni kwa mtoto anayetembea mbali, hasa msichana. Kumsimamisha masomo huyu kijana wa mwaloni ni kumpa likizo anayoitaka. Nisingeifikiria isipokuwa pana hatari kwa wengine. Kumfukuza si uamuzi wako wala wa mkuu peke yake, ni jambo la bodi ya shule.

Kuhusu kujilinda, kitabu cha matukio ndicho ngao yako, na namna unavyoandika ndiyo yenye uzito. "Ana kiburi" haisaidii mtu. "Tarehe 14, saa 3:10 asubuhi, aliingia kipindi cha Jiografia kikiwa kimeanza, aliulizwa sababu, akasema 'hainihusu', akatoka nje bila ruhusa, yupo mwalimu wa zamu, nimempigia mzazi saa 4:30, tutaonana Jumatano" inasimama popote, hata mbele ya hakimu. Andika unachokiona na kukisikia, hatua uliyochukua, tarehe ya kufuatilia, saini. Usiandike siku tatu baadaye kwa kukumbuka. Na jukumu la nidhamu lisichanganywe na la ushauri na unasihi. Shuleni kwenu kama ni wewe huyo huyo kwa yote mawili, omba litenganishwe, kwa sababu mtoto anayepigwa nyumbani au anayetongozwa na mtu mzima hatamfungukia mwalimu anayetoa adhabu.

Mwenzako anahitaji kujua kwamba yupo kwenye njia tatu tofauti, na kumaliza moja hakumalizi nyingine. Barua ya kujieleza ni ya utawala. Aijibu ndani ya muda uliotajwa humo, kwa maandishi, ukweli mtupu, viboko saba aandike saba, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Likipanda juu litafika Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, ambayo ndiyo mamlaka ya nidhamu yake na ina ofisi ngazi ya wilaya. Huko atapewa mashtaka kwa maandishi, ana haki ya kujitetea, na asiporidhika ana haki ya rufaa. Njia ya tatu ni ya jinai, polisi na mahakama, na hapo atafute wakili kabla ya kuandika maelezo. Kama ni mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania, aanze leo kwa mwakilishi wa shuleni kisha katibu wa wilaya, asisubiri mashtaka. Mtoto kama hajapimwa mkono, shule ihakikishe anafika hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa. Kumwomba radhi mama ni jambo la kiungwana, na lifanyike mbele ya mkuu wa shule au makamu wake. Asimpe pesa kichochoroni, na asiwashawishi wanafunzi wabadilishe maneno. Hayo mawili yamewaharibia walimu kesi ambazo zingeisha kwa onyo.

Mkuu wako naye hawezi kusema ni ya mwenzako peke yake. Kanuni zimeweka mamlaka ya fimbo mikononi mwake. Walimu wakichapa bila uteuzi wa maandishi naye akiona, swali la kwanza la Mthibiti Ubora wa Shule litakwenda kwake. Mwambie hivyo kwa adabu, mkiwa wawili, na umpelekee pendekezo: karatasi moja ya utaratibu wa nidhamu inayosema nani anafanya nini kuanzia mwalimu wa somo, mwalimu wa darasa, wewe, mkuu, hadi bodi, ipitishwe kwenye kikao cha walimu, iende kwa bodi, isomwe kwenye kikao cha wazazi. Muda wa kuwajenga walimu upo tayari: vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni. Tengeni viwili vya muhula huu kwa usimamizi wa darasa. Mafunzo ya namna hii ya siku tano na nusu yalijaribiwa katika shule za sekondari hapa Tanzania na watafiti akiwemo Mabula Nkuba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha walimu waliofundishwa walipunguza adhabu kali, kwa maelezo yao na ya wanafunzi pia.

Sitakuahidi kwamba wote saba watarudi. Pengine mmoja au wawili moyo umeshaondoka shule, na kwao kumwonyesha mzazi njia ya chuo cha ufundi cha VETA Tanga au masomo ya Elimu ya Watu Wazima ni bora kuliko kuwavizia getini. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango wa kurudi kwa walioacha shule, kwa hiyo usiseme neno la kumfungia mtu.

Yapo mambo ambayo usiyashike peke yako hata siku moja. Mtoto mwenye makovu au michubuko isiyoelezeka, anayeonyesha dalili za kuingiliwa, au anayesema anataka kufa, peleka taarifa siku hiyo hiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto ni bure. Kijana anayetetemeka, anayetoa jasho na kuiba vitu vidogo vidogo anaweza kuwa ameingia kwenye dawa za kulevya, na huyo ni wa hospitali; hapa Tanga anzeni Hospitali ya Bombo. Aliyeleta kisu shuleni ni suala la mkuu na polisi, usimpekue ukiwa peke yako.

Ukienda kwa Afisa Elimu Kata wiki hii, beba nakala ya mahudhurio yale ya miezi miwili yenye alama zako, rasimu ya utaratibu wa ukurasa mmoja, na ombi la maandishi la mkuu kuhusu mwalo. Afisa akisema atalishughulikia, muombe agonge muhuri kwenye nakala yako na akupe tarehe.